Kuirudisha amplifaya ya valvu kazini bila kuiunguza

Amplifaya ya valvu (inayokuza sauti kwa vioo vyenye ombwe ndani badala ya transista) iliyokaa miaka mingi bila kuguswa inatia hamu ya kuichomeka kwenye umeme papo hapo, uone kama bado inawaka. Usifanye hivyo. Mara nyingi itawaka kweli: valvu zitang'aa rangi ya chungwa, spika zitavuma, pengine na muziki utatoka kwa dakika chache. Lakini wakati huo kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji) zilizokauka zinavuta umeme kupita kiasi, na transfoma inayozilisha inachemka hadi vihami vya waya wake viungue.

Hapo ndipo penye hasara isiyofidika. Valvu, pamoja na sifa zote zinazopewa, ni kitu cha kubadilisha. Soketi zimewekwa ili uchomoe moja na kuchomeka nyingine, na hadi leo viwanda vya Slovakia, Urusi na China vinaendelea kuzitengeneza. Transfoma si hivyo, hasa ile ya kutolea sauti. Hiyo ndiyo inayopokea volti nyingi na mkondo mdogo kutoka kwenye valvu, ikavigeuza kuwa volti chache na mkondo mkubwa wa kusukuma spika, na ubora wake umo katika jinsi tabaka za waya zilivyopishanishwa ndani. Quad II ya mwaka 1953, Dynaco Stereo 70 ya 1959 na McIntosh MC275 ya 1961 zina saketi tofauti kabisa, lakini zote tatu sifa zao zimejengwa juu ya transfoma. Kwa hiyo kazi yote iliyo hapa chini ina shabaha moja: kubadilisha vilivyokufa, kuacha vilivyo hai, na kutoziweka transfoma hatarini hata mara moja.

Umeme ulio ndani unaua

Ndani ya amplifaya hizi mna volti 250 hadi 500 za mkondo mnyoofu (DC). Kapasita kubwa huendelea kuushikilia umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi, wakati mwingine kwa muda mrefu. Kabla ya kuingiza mkono au bisibisi, chomoa plagi (kuzima swichi peke yake hakutoshi), kisha chukua rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 iliyolehemewa nyaya zenye vibanio vilivyofunikwa vizuri kwa plastiki. Ibane kati ya ncha mbili za kila kapasita kubwa kwa sekunde kumi au zaidi, halafu pima kwa multimita. Usiguse kitu hadi usomaji ushuke chini ya volti 10. Kapasita za aina hii zina tabia ya kujirudishia chaji kidogo zikiachwa, kwa hiyo acha rezista ikiwa imebanwa muda wote unaofanya kazi, na uiondoe kabla ya kuwasha.

Ukilazimika kupima amplifaya ikiwa imewashwa, tumia mkono mmoja tu, mwingine uwe mfukoni au mgongoni. Vua pete na saa. Asiwe peke yake nyumbani mtu anayefanya kazi hii.

Kama hujawahi kushughulika na umeme wa ukutani, sehemu ya chini ya chasisi mwachie fundi anayezijua valvu. Bado utabaki na kazi ya kutosha: kusafisha, kukagua, kutafuta mchoro wa saketi, kuchagua spika. Tena kuna aina moja ambayo haifai kabisa kujifunzia, nayo ni ile isiyo na transfoma ya umeme. Katika hizo chasisi yenyewe inaweza kuwa na umeme wa ukutani.

Hatua ya kwanza: ukaguzi ikiwa imezimwa

Piga picha kila upande, juu na chini, kabla ya kugusa chochote. Andika kwenye karatasi valvu ipi imekaa soketi ipi, kisha zichomoe moja moja kwa kushika sehemu ya chini, ukizitikisa taratibu. Usizifute maandishi. Wino wa zamani hutoka hata kwa kidole chenye jasho, na bila maandishi hutajua kama umeshika EL34 au kitu kingine.

Ndani ya kioo, aghalabu juu, kuna doa la rangi ya fedha linalong'aa. Kazi yake ni kumeza hewa yoyote iliyosalia, maana valvu hufanya kazi katika ombwe. Doa likiwa la fedha au la kahawia nyeusi, valvu hiyo ina nafasi ya kuwa nzima. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekwisha, itupe.

Sasa pima transfoma, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama uendelee au usimame. Multimita ikiwa kwenye omu, pima transfoma ya kutolea sauti kutoka waya wa katikati hadi kila waya wa anodi (bati la ndani ya valvu linalopokea mkondo). Utapata makumi ya omu au mia na kitu, kutegemea modeli. Pande mbili zinaweza kutofautiana kidogo bila ubaya wowote: nusu moja ya waya imezungushwa nje ya nyingine, hivyo ni ndefu zaidi. Usomaji usio na mwisho maana yake ni waya uliokatika. Upande wa spika hutoa omu moja au chini yake. Kati ya waya wowote wa anodi na chuma cha transfoma kusiwe na muunganiko hata kidogo. Fanya vivyo hivyo kwa transfoma ya umeme. Ukiona lami nyeusi imechuruzika kutoka ndani yake, au ukinusa harufu kali ya kuungua, jua iliwahi kupata joto kupindukia.

Transfoma zikiwa nzima, una amplifaya. Mengine yote yanapatikana.

Tafuta mchoro wa saketi wa modeli yako. Wakati mwingine umebandikwa ndani ya kifuniko cha chini. Mchoro mzuri huonyesha volti zinazotarajiwa katika kila ncha ya valvu, na namba hizo utazihitaji baadaye.

Hatua ya pili: kusafisha

Brashi laini na kifyonza vumbi hutosha kwa sehemu kubwa. Maji yasikaribie transfoma. Soketi za valvu, swichi na vitufe vya sauti visafishe kwa dawa maalumu ya kusafishia viunganishi vya umeme, ukivizungusha au kuchomeka na kuchomoa mara nyingi. Mafuta ya kulegeza skrubu hayafai hapa, kwani huacha utando unaokusanya vumbi. Vibanio vya soketi vilivyolegea vikaze taratibu kwa sindano nene: mguso mbovu kwenye gridi ya valvu kubwa (sehemu inayodhibiti mkondo wake) unaweza kuikosesha bayasi, yaani volti zinazouzuia mkondo huo usipande kupita kiasi, na kuiunguza.

Hatua ya tatu: kubadilisha vilivyokufa

Anza na kapasita kubwa za elektroliti, zile zinazolainisha umeme baada ya rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu). Ndani yake mna kimiminika, na kimiminika hukauka. Wapo wanaojaribu kuzifufua kwa kuzipandishia volti polepole, na zipo zinazoitikia kwa muda, lakini mimi siamini hata moja yenye umri wa miaka hamsini ipewe dhamana ya transfoma isiyopatikana tena. Zibadilishe zote. Kama zimo ndani ya kopo la alumini linalosimama juu ya chasisi, liache kopo mahali pake kwa ajili ya sura, ondoa nyaya zake, na ufunge kapasita mpya chini. Usilehemu mpya sambamba na ya zamani. Ile mbovu itaendelea kuvuta umeme kama kawaida.

Uwezo wa volti uwe sawa na wa zamani au zaidi. Mikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) zisiongezwe ovyo, hasa kwa kapasita ya kwanza baada ya rektifaya ya valvu. Rektifaya ya valvu iitwayo GZ34, kwa mfano, imewekewa kikomo cha mikrofaradi 60. Ukiizidishia, kila unapowasha itapigwa na mkondo mkubwa wa kujaza kapasita hadi ife. Angalia pia alama za chanya na hasi. Makosa mengi hutokea kwenye kapasita ndogo ya bayasi, kwa sababu umeme wa bayasi ni hasi: hapo upande wa chanya ndio unaokwenda kwenye chasisi, kinyume na kapasita nyingine zote. Ukiigeuza, bayasi itapotea na valvu kubwa zitakimbia bila breki.

Kundi la pili ni dogo kwa umbo lakini ndilo ninaloliogopa zaidi: kapasita za karatasi na nta zinazopitisha sauti kutoka valvu moja hadi nyingine. Kazi yake ni kuruhusu muziki upite na kuzuia volti kubwa za anodi zisiifikie gridi inayofuata. Zikizeeka huvuja. Volti chache tu za chanya zikiifikia gridi ya valvu ya kutolea sauti, mkondo hupanda, anodi huwa nyekundu, na transfoma hubeba mzigo usiokuwa wake. Weka mpya za plastiki ya polipropilini, zenye thamani ileile (0.1 mikrofaradi ni ya kawaida sana) na uwezo wa volti 630. Hizi hazina chanya wala hasi. Za bei ghali zenye majina makubwa hazihitajiki. Nzima na yenye volti za kutosha ndiyo bora.

Rezista za kaboni hupanda thamani kadiri zinavyozeeka. Kuna mbinu rahisi ya kuzipima bila kuzichomoa: rezista iliyo ndani ya saketi inaweza kusomeka chini ya thamani yake, kwa kuwa kuna njia nyingine za umeme sambamba nayo, lakini haiwezi kusomeka juu ikiwa nzima na kapasita zimeishiwa chaji. Kwa hiyo yoyote inayosoma zaidi ya asilimia 20 juu ya thamani inayoonyeshwa na michirizi yake ya rangi imeshachakaa. Badilisha hizo na uache nyingine.

Ukikuta rektifaya ya seleniamu, yaani rundo la mabapa madogo ya chuma yaliyopangwa kama mapezi, iondoe. Ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Dayodi ya silikoni inachukua nafasi yake, ila kwa kuwa inapoteza volti chache zaidi, volti za mbele yake zitapanda, na mara nyingi utahitaji rezista ya kuzishusha. Kapasita za zamani zenye mafuta zisifunguliwe kamwe. Baadhi zina PCB, kemikali yenye sumu. Inayovuja ishike kwa glavu.

Mwisho waya wa ukutani. Amplifaya nyingi za zamani zina waya wa nyuzi mbili, na kapasita ndogo inayounganisha umeme wa ukutani na chasisi. Kapasita hiyo ikishindwa, chasisi yote huwa na umeme. Iondoe, weka waya wa nyuzi tatu wenye eathi iliyofungwa kwa nguvu kwenye chasisi, na hakikisha umeme wa laini unapita kwenye fyuzi kwanza kisha swichi. Fyuzi iwe ya thamani iliyoandikwa na mtengenezaji.

Hatua ya nne: kuiwasha kwa mara ya kwanza

Tengeneza kifaa rahisi: soketi ya ukutani iliyofungwa mfululizo na balbu ya wati 100 ya aina ya zamani yenye waya unaong'aa. Balbu za LED hazifanyi kazi hii. Amplifaya yako ikiwa na hitilafu kubwa, balbu itawaka kwa nguvu zote na kuubeba umeme ambao ungeiunguza transfoma.

Hakikisha kwanza kwamba swichi ya volti nyuma ya amplifaya inalingana na umeme wako. Iliyotengenezwa kwa volti 117 peke yake inahitaji transfoma ya kushushia pale umeme ulipo 220 au 240. Na iliyoundwa kwa hezi 60 tu itapata joto zaidi kwenye hezi 50.

Washa bila valvu yoyote. Balbu ipepese mara moja kisha ififie karibu na kuzima. Ikibaki inawaka sana, hitilafu iko kwenye transfoma ya umeme au waya wake. Kisha weka rektifaya peke yake: kapasita zitajaa, balbu itang'aa kidogo na kufifia tena. Bila valvu nyingine kuvuta mzigo, volti zitapanda kupita zile za kwenye mchoro, hivyo usiiache hivyo kwa muda.

Sasa zima, weka valvu zote, na unganisha spika ya bei nafuu au rezista ya omu 8 ya wati 50 kwenye kila upande wa sauti (kushoto na kulia). Amplifaya ya valvu isifanye kazi kamwe bila mzigo. Muziki ukipita bila spika, volti ndani ya transfoma ya kutolea sauti hupaa na zinaweza kuvunja vihami vyake. Washa huku umezima taa ya chumba. Filamenti zote (nyaya zinazopasha valvu moto) zing'ae. Mwanga wa buluu unaotanda kwenye kioo chenyewe ni wa kawaida na hauna madhara; mwanga wa zambarau uliojaa katikati ya vyuma vya ndani ni dalili ya gesi. Anodi, yaani lile bati kubwa la kijivu, isiwe na wekundu hata kidogo. Ukiuona, zima hapo hapo.

Yote yakiwa shwari kwa dakika kumi, ondoa balbu na uchomeke moja kwa moja ukutani. Pima filamenti: volti 6.3, na tofauti isizidi asilimia 10. Linganisha volti za anodi na mchoro. Umeme wa ukutani wa leo mara nyingi uko juu kuliko wa miaka ile, kwa hiyo usishtuke zikizidi kidogo.

Hatua ya tano: bayasi

Bayasi ni volti zinazoamua valvu ya kutolea sauti ivute mkondo kiasi gani wakati hakuna muziki. Kama chini ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni) kuna rezista kubwa yenye kapasita sambamba, amplifaya yako inajirekebisha yenyewe. Utapima tu volti juu ya rezista hiyo na kugawa kwa omu zake upate mkondo. Kama kuna umeme hasi na kirekebisho cha kuzungusha, kazi ni yako.

Hesabu ni fupi. Zidisha volti za kati ya anodi na kathodi kwa mkondo wa valvu moja. EL34 ina kikomo cha wati 25 kwenye anodi. Volti 425 mara miliampia 40 ni wati 17, yaani asilimia 68 ya kikomo, na hapo ni mahali pazuri pa kuishi. Ikiwa hakuna sehemu ya kupimia, lehemu rezista ya omu 1 chini ya kila kathodi: kila milivolti moja utakayosoma ni miliampia moja.

Dynaco Stereo 70 ina rezista za omu 15.6, kila moja ikihudumia valvu mbili, na maelekezo yake yanataka volti 1.56, yaani miliampia 50 kwa kila valvu. Volti hizo ni sawa na za betri mpya ya tochi, hata asiye na mita nzuri aliweza kulinganisha. Hata hivyo miliampia 50 katika saketi ile ni kuzibana valvu. Wengi leo hushusha hadi 40 na kuzipa maisha marefu zaidi, na mimi ninaungana nao.

Acha amplifaya ipate moto kwa nusu saa, kisha rekebisha tena, kwa sababu namba huhama.

Kelele zinasema tatizo liko wapi

Mvumo una sauti mbili tofauti, na sikio hujifunza kuzitenganisha upesi. Mvumo wenye ukali, ambao ni mara mbili ya hezi za umeme wako (100 au 120), hutoka kwenye kapasita za kulainisha umeme. Mvumo mzito wa chini, hezi 50 au 60, hutoka kwenye nyaya za filamenti, eathi inayozunguka kati ya vifaa viwili, au valvu ndogo yenye uvujaji ndani. Mikwaruzo unapozungusha kitufe ni uchafu. Mikwaruzo isiyo na mpangilio, bila kugusa kitu, mara nyingi ni rezista ya anodi katika sehemu ya kwanza ya kukuza sauti. Gonga valvu ndogo kwa penseli ya mbao: ikitoa mlio kama kengele kwenye spika, ihamishie sehemu nyingine ya saketi isiyo nyeti au ibadilishe.

Kusikiliza

Wati ni chache, hivyo spika ndizo zenye uamuzi. Spika yenye usikivu wa desibeli 96 inahitaji takriban sehemu moja ya nane ya nguvu zinazohitajiwa na yenye desibeli 87 ili zitoe sauti sawa. Amplifaya ya wati 10 kwenye spika ya kwanza inajaza chumba. Kwenye ya pili itahema. Unganisha kwenye ncha ya omu inayolingana na spika (4, 8 au 16), halafu jaribu na ya jirani yake kwa sauti ya wastani, kwani spika halisi haina omu moja isiyobadilika na sikio linaweza kupendelea nyingine.

Vichezeo vya CD hutoa hadi volti 2, wakati amplifaya nyingi za zamani hujaa kwa nusu volti au chini ya hapo. Ukiona sauti ni kubwa kabla kitufe hakijasogea, weka kipunguza nguvu kati yake. Kwa santuri, kumbuka kwamba mkunjo wa RIAA (kanuni ya kupunguza besi na kuongeza sauti za juu wakati wa kukata santuri, ambayo amplifaya huigeuza tena) ulienea kuanzia mwaka 1954. Santuri za kabla ya hapo zilikatwa kwa mikunjo tofauti, na baadhi ya amplifaya za enzi hizo zina swichi ya kuchagua. Itumie, usiiache kama pambo.

Kuna imani kwamba valvu lazima zitoe sauti nzito, laini, yenye ukungu kidogo. Siikubali. Amplifaya nzuri ya miaka ya 1950 iliyotengenezwa sawasawa inatoa sauti safi: pumzi ya mwimbaji unaisikia, ngozi ya ngoma inajulikana na fimbo iliyoipiga. Besi ikiwa ya kuvimba na sauti za juu zimefifia, huo ni ugonjwa. Rudi kwenye kapasita na valvu ukatafute.

Iweke mahali hewa inapopita juu na chini, mbali na mapazia na mikono ya watoto. Ipe dakika chache kabla ya kusikiliza kwa makini, na usiiache ikiwaka ukitoka nyumbani. Valvu ndogo hudumu maelfu mengi ya saa na huna haja ya kuzibadilisha kwa kalenda. Zile za kutolea sauti zipime bayasi kila baada ya miezi michache, na usome pia mwelekeo wa namba, maana valvu inayoshuka polepole inazeeka na inayopanda inakaribia kuleta balaa. Volti na mikondo yote uliyopima ziandike pamoja na tarehe na orodha ya ulivyobadilisha, na ubandike karatasi hiyo ndani ya kifuniko cha chini.